Mwenyeji ni Nani?

Katika mabaraza ya wazee, na hata katika vikao vya sharika zetu, husikika neno hili watu wanapogombania shamba, au wanapomchagua mzee wa kanisa: "Huyu si mwenyeji." Likisha kusemwa, mara nyingi shauri limekwisha, wala hakuna aulizaye zaidi. Sisi twaona yafaa kuuliza: mwenyeji ni nani? Wengi hujibu kwamba mwenyeji ni yule ambaye makaburi ya babu zake yako hapo. Jibu hili lina heshima yake, maana mtu asiyeheshimu makaburi hataheshimu walio hai. Walakini na tulipime kwa habari za miji miwili midogo ya kusini, Masasi na Newala, tuone kama litasimama.

Masasi imekaa kati ya vilima vya mawe, katika njia ya zamani itokayo Lindi kwenda Ziwa Nyasa. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ambako mtu akisimama hulitazama bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Katika nchi hiyo wanakaa Wamakonde, Wamakua na Wayao. Wamakua wengi walivuka Ruvuma kutoka kusini, na Wayao nao walitoka ng'ambo ya mto katika karne ya 19, wakisukumwa na vita na njaa. Wamakonde walikaa juu uwandani, penye vichaka vizito na pasipo mito. Wanawake walishuka mabondeni kuteka maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Taabu hiyo waliivumilia kwa kuwa vichaka viliwaficha na watekaji.

Kisha wakaja wageni wa namna nyingine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Waingereza iitwayo U.M.C.A. aliondoka Unguja pamoja na watu zaidi ya 50, waume kwa wake, waliookolewa utumwani. Nia yake ilikuwa kuwarudisha pande za Ziwa Nyasa, walikotoka. Lakini walipofika Masasi waliiona nchi kuwa njema, wakajenga, wakalima. Basi mji tuujuao leo kwa jina la Masasi ulipata mwanzo wake kwa watu wasio na kaburi hata moja mahali pale. Makaburi ya baba zao yalikuwa mbali, na mtu aliyechukuliwa angali mtoto huenda asijue hata yako wapi.

Makaburi yao wenyewe hayakukawia. Mwezi wa Septemba mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliushambulia mji, wakaua, wakachoma nyumba, wakachukua mateka. Baadhi ya watu waliokwisha kuonja uhuru walifungwa tena. Baada ya hayo kazi ya misheni ilihamia Newala, karibu na Matola, mkuu wa Wayao. Matola hakuwa amebatizwa. Tena tukumbuke kwamba wakuu wengi wa Wayao wa siku zile walifanya biashara ya watu. Lakini waliokimbia moto walipata mahali pa kukaa karibu naye. Baadaye misheni ilirudi Masasi. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, ilichomwa tena, nayo ikajengwa tena. Mwaka 1926 Masasi ilipata askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas.

Na tumtazame mtu mmoja, Cecil Majaliwa. Alizaliwa Myao, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akasomeshwa Unguja na Uingereza. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, kwa mkuu Nakaam, afundishe watu. Mwaka 1890 alifanywa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa daraja hiyo. Je, huko Chitangali alikuwa mgeni au mwenyeji? Kwa damu alikuwa ndugu yao. Kwa njia aliyopitia alikuwa mgeni kabisa. Jibu la makaburi halituelezi neno lo lote juu ya mtu huyu.

Labda msomaji atatupinga hivi: "Ikiwa wote walikuja, basi hakuna mwenye haki, na kila mwenye nguvu aweza kuja kutwaa." Sivyo. Magwangwara nao walikuja Masasi, wala hapana awaitaye wenyeji kwa ajili ya siku ile. Kuna kuja kwa kutwaa, na kuna kuja kwa kukaa na kutwikwa mzigo. Aliyetangulia kufyeka msitu ana haki yake. Aliyefuata na amwombe kwa adabu, asijitwalie.

Na mwingine atasema: "Ardhi haitoshi, na maji ni haba." Neno hili ni zito, wala hatulidharau. Katika nchi ambamo mama amepanda kilima na mtungi, kila mgeni anywaye ameyanywa maji ya jasho la mtu. Mwenye kuhubiri ukarimu asisahau ni kichwa cha nani kilichobeba mtungi. Lakini wazee wetu walikwisha kuipima shida hii waliposema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huisema methali hii kana kwamba inamfukuza mgeni. Twaona kwamba maana yake inazidi hapo. Hakuna apewaye jembe pasipo kuonyeshwa mahali pa kulima. Anayelipokea jembe amepokea kazi ya mji, na mwenye kazi ya mji ameanza kuwa mwenyeji.

Haya si mambo ya kale tu. Vita vya uhuru wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu wengi walivuka Ruvuma wakaja upande wetu. Tena tangu mwaka 2017 machafuko ya Cabo Delgado yamewavusha wengine. Miongoni mwao wako Wamakonde, wenye ndugu huku na huko. Mto umegawa serikali, haukugawa ukoo. Wajapo mbele yetu, twaulizwa lile lile aliloulizwa Matola.

Tena kuna neno moja la aibu. Wako watu ambao, wakigombana na jirani, humtupia tusi la kwamba babu yake alikuwa mtumwa. Na tulipime tusi hili. Mtoto aliyenyakuliwa shambani kwa mama yake alikosa nini? Aibu ya kuuzwa ni ya nani, kama si ya muuzaji na mnunuzi? Anayetukana hivyo anamtwika mjukuu wa aliyeibiwa dhambi ya mwizi. Waisraeli waliamriwa katika Torati wampende mgeni, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Hawakuagizwa kuficha utumwa wa baba zao, bali kuwasimulia watoto wao. Na wajukuu wa Masasi wasimulie vivyo hivyo, bila kuinamisha uso.

Basi, ninyi wazee na waalimu wa sharika, neno lile likisemwa tena kikaoni, msiliache likate shauri peke yake. Ulizeni kwanza: mtu huyu alikuja kutwaa, au alikuja kukaa? Kisima kilipochimbwa, alikuwapo? Mwenzake alipofiwa, alishika jembe la kaburi? Na kama hakufanya hayo, ulizeni pia kama kuna mtu ye yote aliyemwita.