Je, Tunamdanganya Mtoto kwa Ngano?



Binti wa ndugu yangu, aliyezaliwa na kukulia Tanga, amepelekwa na kazi yake ya ualimu hadi Mollo, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa. Ni mbali na kwetu kwa kila namna. Bahari hakuna. Baridi ya Juni na Julai humfanya mtu wa pwani atafute koti asilokuwa nalo. Watu wa huko ni wakulima wa mahindi, maharage na ulezi, na wengi katika watoto wanaoingia darasa la kwanza wamelelewa kwa Kifipa. Kiswahili wamekisikia sokoni, redioni na kwa wageni, lakini si lugha waliyobembelezewa.

Mwezi uliopita aliniandikia barua. Naam, barua ya karatasi, katika zama hizi za simu, kwa kuwa alitaka kunitilia ndani ukurasa wa daftari la mwanafunzi wake mmoja. Nitaueleza ukurasa huo baadaye. Kwanza swali lake:

“Ami, shikamoo. Mzazi mmoja alinijia shuleni, kwa adabu kabisa, akaniambia: Mwalimu, mwanangu amerudi nyumbani anasema kima kauacha moyo wake juu ya mti. Sisi tumemleta ajue kusoma, nawe wamfundisha uongo? Ami, nilikosa la kumjibu. Nisaidie.”

Msomaji, yatupasa tulichukue swali la mzazi huyo kwa uzito wake wala tusilicheke. Sisi katika dini yetu tumeonywa kuhusu uongo, na tumeonywa hasa kuhusu uongo wa kuwaambia watoto. Abu Daud amepokea habari ya Abdallah bin Amir, kwamba alipokuwa mdogo mama yake alimwita aje ampe kitu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwapo, akamwuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Basi ikiwa tende moja aliyoahidiwa mtoto ina hesabu yake, seuze kima mwenye kusema na moyo ulioachwa mtini?

Lakini tuitazame ile tende vizuri. Mtoto yule aliitwa naye akaamini. Alikuja na mkono wazi, na lau asingepewa kitu angerudi na mkono mtupu na moyo uliovunjika. Na siku ya pili angeitwa asiitike. Huo ndio uongo: kumtia mtu katika jambo asilolijua, kwa maneno aliyoyaamini. Ama ngano haimwingii mtoto kwa mlango wa nyuma. Bibi zetu walisema “Paukwa!” nasi tukaitika “Pakawa!” Na kwingine mwenye kusimulia akiita “Hadithi, hadithi!” watoto wenyewe ndio wanaoitika: uongo njoo, utamu kolea. Tazama ajabu hiyo. Anayesikiliza ndiye anayeuita uongo uje, kwa jina lake, mbele ya watu wote. Baada ya hapo nani amemdanganya nani?

Wala sisi si wa kwanza kuuliza. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alipotunga visa vyake vya Maqamat alijua kuwa watu watamlaumu kwa kuzua mambo yasiyotukia. Katika dibaji yake alijitetea kwamba hajasikiwa mtu aliyezikimbia hadithi za wanyama na vitu visivyosema, wala aliyewahesabu wenye kuzisimulia kuwa wamekosa. Na kwamba matendo huangaliwa kwa nia zake. Nao Wafipa wanao mlango wao wa kuingilia nganoni. Mtafiti Mwingereza, Roy Willis, aliyeishi nao mwanzoni mwa miaka ya sitini, alitoa mwaka 1978 kitabu juu ya sanaa yao ya masimulizi, akakiita kwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema “Palikuwa na mtu mmoja”. Mtoto akisikia maneno hayo hujua amekwisha kuvuka kizingiti.

Basi jibu la mzazi yule lingeweza kuishia hapo. Lakini mimi naona kwamba uongo upo, ila hapo sipo ulipo. Niruhusu nikueleze habari yangu mwenyewe.

Nilipokuwa darasa la kwanza nilisifiwa kuwa msomaji hodari. Ukurasa wenye picha ya jogoo niliusoma bila kusita, na kidole changu kikitembea chini ya maneno. Siku moja mwalimu, sijui kwa bahati au kwa kunishuku, alinipa kitabu kikiwa kimegeuzwa, miguu ya jogoo ikiangalia juu. Nikausoma ukurasa wote vile vile, na kidole kikitembea. Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka, alinitazama kwa muda, kisha akaniandikia alama ya vema kama siku zote, akaendelea na mwingine. Nilikwenda nyumbani na vema yangu, na mama akanipa kashata. Ilipita karibu miaka miwili kabla sijajua kusoma kweli, na aibu ya miaka ile, ya kuwaogopa watu wasije wakanishika, sijaisahau mpaka leo.

Huo, ndugu msomaji, ndio uongo wa darasani. Hakuna kima ndani yake wala mamba. Yumo mtoto anayeimba maneno, mwalimu anayekubali kuimbiwa, na mzazi anayelipa kwa kashata. Na tusidhani ni habari za zamani tu. Mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walipita majumbani Tanzania bara wakiwapa watoto hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Katika watoto wa darasa la tatu, ni kama mmoja tu kati ya watatu aliyeweza kuisoma. Hao wengine wawili walikuwa wakiingia darasani kila siku, wakiitikia, wakinakili ubaoni. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ili mkazo uwe katika kusoma, kuandika na kuhesabu, nayo ilikuwa hatua ya haki. Lakini mtaala haukai darasani, anayekaa ni mwalimu.

Lugha yetu nayo hurahisisha udanganyifu huu. Silabi zake ni nyepesi: ba be bi bo bu. Mtoto akishazishika huweza kulitamka neno asilojua maana yake kabisa, kama sisi tulivyosoma juzuu chuoni. Chuoni kuna sababu yake na thawabu yake. Lakini mtoto wa Mollo akitamka “pa-pa” na hajui papa ni nini, ametamka, hajasoma.

Sasa sikiliza binti yetu anavyofanya. Siku ya kwanza haandiki kitu. Anasimulia, tena kwa mikono na sauti, na wale wanaofahamu zaidi wanawanong’oneza wenzao kwa Kifipa. Hawakatazi. Anasema hadithi isiyofika moyoni kwanza haitafika machoni. Siku ya pili anaandika ubaoni sentensi tano au sita za hadithi ile ile, kwa maneno yanayojirudia: kima, mamba, mti, moyo, tunda. Watoto wanasoma pamoja, na hapo, anakiri mwenyewe, wengi wanaimba tu. Siku ya tatu ndiyo siku yake. Anaiandika upya hadithi, na mahali pamoja anaigeuza. Walipozoea kusoma “Mamba anaumwa”, anaandika “Mti unaumwa”. Kisha ananyamaza, anawaangalia nyuso.

“Ami,” ameandika, “anayecheka ndiye aliyesoma.”

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi. Mtoto anayeimba hupita pale pale pasipo na habari. Anayesoma hujikwaa. Anaona kwamba sikio lake linasema hivi na ubao unasema vile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake anauamini ubao. Ndiyo maana hadithi aliyoizoea ni bora kuliko hadithi ngeni, na hadithi iliyogeuzwa ni bora kuliko ile aliyoizoea. Lau siku ile mwalimu wangu angeligeuza neno moja badala ya kukigeuza kitabu kizima!

Pengine utasema, je, ana haki gani ya kugeuza? Hadithi ni amana. Kila mtu akiongeza lake itabaki nini? Basi tuifuate hadithi hii ya kima, uone ilikotoka. Sisi wa pwani twaijua kwa papa: kima alikuwa na rafiki yake papa, akimtupia matunda ya mkuyu, papa akamchukua mgongoni kumpeleka kwao, na katikati ya bahari akamfunulia kuwa sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Ndivyo alivyosimuliwa Edward Steere huko Unguja, alikofika mwaka 1864, akaichapisha London mwaka 1870. Lakini karne ya nane Ibn al-Muqaffa alikwisha kuiandika kwa Kiarabu katika Kalila wa Dimna, na huko rafiki wa kima si papa bali ni kobe wa majini, na matunda ni tini. Naye aliipata kwa Kiajemi cha kale, kilichoipata kutoka India. Na India kwenyewe, katika masimulizi mengine ya kale, mwenye kuutaka moyo ni mamba!

Ufipa uko baina ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, na bonde la Ziwa Rukwa, upande wa mashariki, na maziwa yote mawili yana mamba. Mwalimu wetu alipomtoa papa akamtia mamba alidhani ameiharibu hadithi ya nyumbani kwao Tanga. Kumbe ameirudisha alikopita babu yake. Kila waliyemfikia waliigeuza ili mtoto wao aione, na jambo moja tu hawakuligusa: rafiki aliyebebwa mgongoni, na habari aliyopewa katikati ya maji.

Kuna pingamizi moja iliyobaki, nayo ni kubwa kuliko zote. Kima anaokoka kwa kusema uongo, kwamba kina kima huiacha mioyo yao nyumbani. Sungura kadhalika, na Abunuwasi wetu ambaye sufuria ya jirani ilizaa kwake kisha ikafa. Je, hatuwafundishi watoto ujanja? Mimi sioni kuwa mambo haya ni sawa. Kima amedanganya mwenye kutaka kumwua, na hata wanavyuoni wamemruhusu mwenye kuokoa nafsi. Abunuwasi amemla jirani kwa tamaa ya jirani mwenyewe. Lakini yuko sungura anayekula mavuno ya wenziwe na kwenda zake akicheka, na hapo sina utetezi. Nasema tu kwamba mtoto ana macho. Mwache aone dhuluma, akasirike. Hasira ile ni yake. Nichukiacho ni lile swali la mwisho wa ukurasa, “Hadithi hii inatufundisha nini?”, ambalo watoto hulijibu kwa pamoja “Tusiwe waongo!” hata kabla ya kuisoma hadithi. Huko nako ni kuimba.

Nirudi kwenye ule ukurasa wa daftari. Siku ya nne watoto huandika wenyewe mwisho wanaoutaka. Mtoto huyu, wa miaka saba, ameandika kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, na amefuta mahali pamoja mpaka karatasi imetoboka. Ameandika hivi: Kima amepanda mti. Mamba analia. Kima ametupa tuda moja.

Katika hadithi ya Steere hakuna jambo hilo, wala kwa Ibn al-Muqaffa, wala ubaoni. Kima akishapanda ndiyo basi, urafiki umekwisha. Binti yetu ananiuliza: “Ami, si mwisho wa hadithi. Wala sikumfundisha. Nimwekee vema au nimwekee kosa?”

Nimemjibu amwekee vema, na amwonyeshe lilipokosekana “n” katika tunda. Kisha amwite yule mzazi, ampe daftari, amwombe mwanawe amsomee.