Je, "Sikujua" ni Utetezi?

Gari la kukokotwa lenye chumba ndani, lile waliitalo karavani, sakafu yake huwa juu ya ardhi kiasi cha goti au zaidi. Kwa hiyo hufungiwa mlangoni ngazi ya chuma ya kukunja, yenye vidato viwili au vitatu (neno ambalo sisi walimu tumelipeleka hata madarasani). Gari likisimama ngazi hufunguliwa. Likitaka kuondoka hukunjwa, ikafichwa chini ya sakafu. Uzito wote wa mpandaji hubebwa na pini chache, riveti chache na mabano yaliyochomelewa. Nawe mpandaji huoni hata kimojawapo.

Hapa Kahororo tuliwahi kuletewa karavani ya namna hiyo kwa ajili ya kupima akina mama na watoto. Ilioshwa kila asubuhi ikang'aa. Siku ya tatu bibi mmoja, jirani yangu, mjukuu mgongoni, alikanyaga kidato cha juu, na bano la kushoto likachanika. Mtoto alisalimika. Bibi alivunjika nyonga, na hadi alipofariki hakutembea tena bila fimbo. Mwenye gari alikuja kumpa pole, akasema kwa unyonge, "Bibi, nisamehe, sikujua." Nami naamini hakusema uongo.

Swali langu, msomaji, ni hili: mtu asiyejua kwa sababu hakutazama, je, ana hatia pungufu kuliko aliyejua akanyamaza? Mimi naona tofauti ni ndogo mno.

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza, William Clifford, aliandika juu ya mwenye meli aliyeingiwa na shaka kuhusu chombo chake kikuukuu, akaizima shaka ile kwa kujipa moyo, akakiacha kiondoke na abiria. Clifford alimtia hatiani kwa vifo vyao, tena akaongeza kwamba hata meli ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile. Kwetu sisi watu wa Bukoba huo si mfano wa kubuni. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka hapa ikapitia Kemondo, ilipinduka karibu na Mwanza, na wanakadiriwa kufa watu zaidi ya 800. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliipanda pale gatini kama bibi yule alivyopanda ngazi: pasipo kuuliza.

Yuko rafiki yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, ambaye hakubaliani nami. Husema kwamba anayeshuku kila ubao hatatoka nyumbani, na kwamba Mhaya akikaribishwa buni za kutafuna haulizi chungu kilioshwa lini. Kweli kabisa. Lakini hoja hiyo humtetea mgeni, haimtetei mwenyeji. Kwa kuwa mgeni haulizi, mwenye chungu ndiye aliyebaki na swali lote.

Wala kulijibu si kazi kubwa. Ngazi ikaguliwe ikiwa imefunguliwa na ikiwa imekunjwa, kwa kulala chali chini yake, tochi mkononi. Tope lifutwe kwa brashi ya waya, kwani ufa huanza kama uzi mwembamba wa kutu kando ya mahali palipochomelewa. Matundu ya pini yatazamwe kama yameanza kurefuka badala ya kuwa duara. Kidato kitikiswe kushoto na kulia, nati zikazwe. Grisi nyingi si wema: hushika mchanga, nao husaga pini kama msasa, mafuta mepesi yatosha. Kisha tegemeo imara liwekwe chini ya kidato cha mwisho, mzigo usining'inie kwenye mabano peke yake. Kwa mvua zetu hizi za Bukoba, kutu hailali. Nani asiye na robo saa?

Ugumu uko kwingine. Mwenye gari alimwachia dereva, dereva alidhani ni kazi ya fundi, na fundi mara ya mwisho aliitwa kwa ajili ya matairi. Kila mmoja aliamini yuko mwenzake anayetazama. Imani hiyo naiona mbaya kuliko kutu, maana haina mahali unapoweza kuishika ukaikwangua.

Na aliyetazama kwa bidii asiuone ufa? Huyo ningekwenda naye mwenyewe kwa bibi kuomba radhi. Ila kwanza ningemtaka ageuke, niuone mgongo wa shati lake kama una vumbi.