Jumanne: Hakimu, Mtumishi wa Mungu

Soma Warumi 13:1–5 na Matendo 16:19–40. Kwa nini Paulo alikataa kutolewa gerezani kwa siri?

Paulo aliwaandikia Warumi kuhusu kutii mamlaka yapata mwaka 57 B.K., Nero akiwa mtawala. Miaka michache kabla ya hapo, makadhi wa Filipi waliamuru yeye na Sila wavuliwe nguo na kupigwa bakora hadharani, bila kesi yao kusikilizwa. Aliyefundisha utii aliujua uonevu kwa mgongo wake mwenyewe.

Kulipokucha makadhi walituma watu wawafungue. Paulo hakukubali jambo hilo limalizwe kimya kimya. Sheria ya Kirumi ilikataza kumpiga raia asiyehukumiwa, nao walikuwa raia. Akataka makadhi waje wenyewe. Hakuwatukana, wala hakudai kisasi. Walipowasihi watoke mjini, walikwenda, baada ya kuwatia moyo ndugu nyumbani kwa Lidia.

Ikiwa hakimu ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, basi kiti anachokalia si mali yake. Kumheshimu si kunyamaza anapopotosha haki, bali ni kumkumbusha kwa adabu kazi aliyopewa. Tukinyamaza kwa woga, mnyonge anayefuata naye atapigwa bila kusikilizwa.

Jirani yako akinyimwa haki mahakamani, utamteteaje bila kuyadharau mamlaka? Ni wakati gani subira yetu huwa woga tu?