Uzee wa Kutengenezwa

Ngalawa ya Ushongo, kusini ya mto Pangani, huchakaa pale inapotumika: nyavu hulainisha ukingo, mchanga hukwaruza tumbo. Mkwaruzo wake ni ushahidi. Tangu 1995 kampuni ya Fender ya Marekani inauza magitaa mapya ya umeme yaliyokwanguliwa rangi na kutiwa kutu makusudi. Je, huo ni ushahidi wa uongo? Katika hadithi mashuhuri, Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta umaji. Muuzaji akasema mvua iliinyeshea. Akaulizwa mbona hakuuweka juu watu wauone. Kosa, basi, halikuwa unyevu bali kuuficha, na kwa kipimo hicho gitaa linalouzwa waziwazi kuwa limezeeshwa halina ghushi.

Atakayetetea zaidi atataja suruali za jinzi zilizofifishwa kiwandani. Kweli, lakini hakuna amheshimuye mtu kwa kufifia kwa suruali yake. Shingo ya gitaa iliyosuguliwa ni starehe ya mkono, nami sina ugomvi nayo. Alama ya kigasha mwilini mwa gitaa ni jambo jingine, kwani inamwambia msikilizaji kwamba hapa pamepigwa miaka mingi. Mnunuzi anajua, msikilizaji hajui. Kasha la Unguja lililozeeshwa lina tatizo hilohilo: fundi akimweleza mteja ukweli, maelezo yale hayasafiri na kasha hadi kwa mnunuzi wa tatu. Fundi mwaminifu angechonga mwaka halisi ndani ya kifuniko.