Saa ya Televisheni na Saa ya Simu

Hapa Port Bell wengi wetu tunaishi chumba kimoja. Tukimwambia mtoto azime televisheni atoke nje, huko nje ni malori ya bandarini na ya kiwanda cha bia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku. Ushauri mzuri, ila mama anayefua amweke wapi?

Na sisi je? Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025, simu hazituachi mikono. Tunatafuta habari za ndugu, hatuchezi. Lakini mtoto anaona tu kioo kinachomulika uso wa baba. Kumnyima katuni bila kumweleza sisi tunatazama nini, tunaona si haki. Saa yake ikiisha, tuweke simu chini, tumwambie habari za shangazi yake aliyebaki kule, kwa kadiri anavyoweza kuzibeba.