Mbuzi Hula kwa Urefu wa Kamba Yake

Ni chache katika methali zetu zilizodhulumiwa na wasemaji wake mithili ya hii, kwani siku hizi haisikiki sana kinywani mwa mzee anayemnasihi kijana awe na kinaa, bali kinywani mwa karani aliyeketi mbele ya kasha la fedha za watu, au mtunza bohari mwenye funguo kiunoni, au bwana mkubwa mwenye kalamu ya kuidhinisha malipo, kila mmoja akiisema kana kwamba ni fat'wa iliyomhalalishia kukila alichoaminiwa kukilinda.

Na tuanze na maana yake ya dhahiri. Mfugaji humfunga mbuzi wake kamba, akaikaza kwenye kigingi, na kabla ya kwenda zake huupima urefu wake: isiwe fupi hata mnyama akashinda na njaa, wala isiwe ndefu hata akaufikia muhogo wa jirani. Kwa hiyo kamba ile imekusanya haki mbili, haki ya mbuzi kushiba na haki ya jirani kuvuna alichopanda, na mwenye kuitaja ya kwanza akainyamazia ya pili ameikata methali nusu. Maana yake iliyo njema ni kwamba mtu aishi kwa pato lake la halali, wala asiinyooshee mkono riziki ya mwenziwe. Ama ile tafsiri ya kwamba ukubwa wa cheo ndio kipimo cha ulaji, hiyo ni bidaa.

Walakini iko hitilafu moja kati ya mbuzi na mtumishi, nayo ndiyo kiini cha jambo lote. Mbuzi huzuiwa na kamba kwa kuwa hana kingine cha kumzuia. Mwanadamu aliyekabidhiwa funguo hakufungwa na mtu, aliaminiwa, na kuaminiwa huko ndiko kulikomweka mbali na mali isiyo yake hata pale ambapo hakuna amwonaye. Basi asemaye, “Nimekula kwa kuwa mkono wangu ulifika,” amekubali kwa ulimi wake mwenyewe kwamba ndani yake hamna kizuizi ila cha nje. Kuweza si kuruhusiwa. Dereva auzaye mafuta ya gari la serikali aliweza. Afisa atiaye sahihi posho ya safari asiyoisafiri aliweza. Na yule atundikaye koti kitini asubuhi ili adhaniwe yupo, kisha akaenda kushughulikia biashara yake hata alasiri, naye aliweza, na muda alioula ni mali ya watu vilevile. Qurani ina sura nzima, ya 83, iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo, na sioni tofauti kati ya kupunja kibaba cha mchele na kupunja saa za kazi ambazo ujira wake umekwisha kupokewa.

Wazee wa siasa Tanganyika walilijua hili. Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa chama cha TANU ilikuwamo ya kwamba cheo ni dhamana, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likamkataza kiongozi kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Nusu karne baadaye, Aprili 2017, serikali ya Tanzania ilitangaza watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi: watu ambao kamba yenyewe ilikuwa ya wizi, maana hiana yao iliitangulia siku yao ya kwanza kazini.

Wako wasemao kuwa chanzo cha ulaji huu ni njaa. Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 1996, iliyochunguza rushwa nchini Tanzania, iliwatenga wale wapokeao rushwa ndogo ili wayakimu maisha na wale wakubwa waipokeao kwa tamaa, nami naikubali hoja hiyo: mwajiri anayelipa ujira usiofika nusu ya mwezi, kisha akauchelewesha, amefupisha kamba kwa dhuluma, na dhambi hiyo ni yake. Lakini muhogo wa jirani haukuwa halali kwa hilo, na wala njaa haiwezi kuueleza ulaji wa wale waliokwisha kushiba, ambao ndio walao zaidi.

Enyi wakuu wa idara na wenye makampuni, lipeni kwa wakati na kagueni bohari zenu kabla ya kuwalaumu wadogo. Nanyi walimu, mnapoifundisha methali hii darasani, msimwache mwanafunzi aondoke akimjua mbuzi peke yake. Mwelezeni habari za jirani mwenye shamba.