Kabla Hujakemea, Keti Uulize

Maandiko: Mathayo 4:24, Isaya 49:15-16

Wiki hii siwezi kuwahubiria kabla sijatubu.

Mwaka niliowekwa kuwa mchungaji msaidizi, nilipigiwa simu kutoka nyumbani Kilifi. Nyanya yangu, yule aliyenilea, alikuwa amepatikana alfajiri kwenye boma la jirani, bila viatu, akitafuta nyumba ya mama yake aliyefariki zamani. Kabla ya hapo alikuwa akimlaumu shangazi kwamba anamwibia pesa, kumbe amezificha mwenyewe ndani ya mkebe wa chumvi. Majirani walishaanza kunong'ona. Na kwetu Kilifi, kama kule Kisii, mnong'ono wa uchawi ukimfikia mzee mwenye mvi unaweza kuishia kwa panga au moto. Wazee wetu wameuawa hivyo.

Nilienda na vijana wanne wa maombi. Tulimzunguka usiku kucha, tukapaza sauti, tukamwamuru pepo ataje jina lake. Nyanya alikuwa akitetemeka. Karibu kuche, alinishika mkono akaniuliza kwa upole, "Baba, wewe ni mtoto wa nani?" Vijana wakasema huyo ni pepo anajifanya. Mimi nilijua ni nyanya anauliza. Nilijua, na bado nikaendelea kukemea, kwa sababu niliogopa kuonekana sina imani.

Ni shangazi, yule yule aliyeitwa mwizi, aliyempeleka kwa daktari. Wakasema ubongo wake ni mgonjwa: dimenshia, ya aina inayoitwa Alzheimer. Mimi nilisomea biashara, si udaktari. Lakini jina hilo ni la mtu, nikataka kujua ni nani.

Alois Alzheimer alikuwa daktari Mjerumani wa magonjwa ya akili, tena mtafiti wa ubongo. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, aliletewa mama wa miaka 51 aitwaye Auguste. Mama huyu alikuwa amebadilika: anamwonea mumewe wivu usio na sababu, anaficha vitu, anasahau, anapiga kelele. Mwaka huo huo, daktari mwenyewe alikuwa amemzika mkewe na kubaki na watoto watatu.

Sasa sikiliza alichofanya. Aliketi naye, akamwuliza jina lake. Akajibu, Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Jina la mume? Akafikiri, akasema tena Auguste. Akampa kalamu aandike jina lake, akashindwa kumaliza. Mama akasema, kwa maneno yake, kwamba amejipoteza. Daktari akaandika kila jibu.

Wapendwa, hapo nilifunga kitabu nikalia. Sisi tulimwuliza pepo jina. Yeye alimwuliza mama.

Alzheimer alihamia kazi mji mwingine, lakini hakumsahau Auguste. Mama huyo alipofariki Aprili 1906, aliomba aletewe ubongo wake, akauchunguza kwa hadubini. Akaona ubongo umesinyaa, nje ya seli kuna mabaka, na ndani ya seli kuna nyuzi zimesokotana. Novemba mwaka huo aliwaeleza madaktari wenzake mkutanoni Tübingen, wala hakuna aliyeuliza swali. Leo Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimenshia, na Alzheimer ndiyo aina inayowapata wengi zaidi.

Mtu ataniuliza, "Mtumishi, kwani sasa huamini mapepo?" Naamini. Lakini fungua Mathayo 4:24. Watu walimletea Yesu wenye pepo, na wenye kifafa, na waliopooza. Mwandishi anawataja mmoja mmoja, hakuwaweka wote kapu moja. Bwana aliwaponya wote, lakini hakuwaita wote wenye pepo. Sisi ndio tumefanya mkato. Chuoni tulifundishwa kwamba mhasibu anayefunga hesabu bila kuhesabu mali iliyoko stoo ni mwongo, hata kama jumla imekaa sawa. Na mimi nilifunga hesabu ya nyanya bila kuhesabu chochote. Sikuuliza alianza lini, anakula nini, anatumia dawa gani.

Na kuuliza kunaokoa. Kuna kusahau na kuchanganyikiwa kunakotokana na maambukizi, na upungufu wa vitamini B12, na shida ya tezi ya shingo, hata na dawa mtu anazomeza. Hayo yana matibabu. Alzheimer yenyewe bado haina dawa ya kuiponya kabisa, lakini mgonjwa anaweza kutunzwa, akalindwa, akaheshimiwa. Ukimfungia mtu kanisani siku saba za mfungo bila chakula wala dawa, unaweza kumwua ukidhani unamfungua.

Isaya 49 inasema mama anaweza kumsahau hata mtoto anyonyaye, lakini Mungu hasahau, maana ametuchora viganjani mwake. Nilikuwa nikihubiri andiko hilo kwa watu walioachwa. Siku hizi nalisoma kwa ajili ya nyanya. Aliponisahau mimi, hata alipojisahau mwenyewe, jina lake lilikuwa bado mkononi mwa Bwana. Wokovu wake haukukaa kwenye kumbukumbu yake. Ulikaa kwenye kumbukumbu ya Mungu.

Nilirudi Kilifi nikapiga magoti, nikamwomba nyanya msamaha. Hakuelewa naomba nini. Alinimegea muhogo wake, akaniambia nile, nimekonda. Shangazi naye nilimwomba msamaha, na yeye alielewa vizuri sana.

Wiki hii, mpendwa, mtembelee mzee mmoja aliyeanza kusahau. Usimfanyie mtihani, usibishane naye. Keti, mtaje kwa jina lake, msikilize, na umwombee kwa sauti ya chini. Kisha mpeleke hospitali. Na ukisikia jirani ananong'ona uchawi, simama mlangoni mwa huyo mzee kabla panga halijafika.

Baba, utusamehe tuliokemea pale ulipotutuma kuketi. Uwakumbuke wote waliojisahau. Katika jina la Yesu, Amina.